Siku Niliyomng'ata Wifi

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne alipoanza kukohoa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini. Siku ya tatu alimkalisha mapajani, akamfungua kinywa kwa kidole na kuchungulia kooni.

"Kimeo hiki," akasema. "Kimerefuka. Kikatwe."

"Mama, kesho nampeleka hospitali."

"Watakupa dawa ya maji urudi nayo. Wanangu sita wote wamekatwa, na mumeo ni mmojawao. Nani kafa?"

Nilikuwa nimeacha kibarua changu cha kushona ili nilee watoto, kwa kutaka kwake mume wangu mwenyewe, na tangu hapo kila mtu katika ukoo wao aliniona mtu wa kukaa tu. Mtu wa kukaa tu ana maoni gani? Mume wangu alifanya kazi Kigwa na kurudi Jumamosi. Nyumba ilikuwa yangu siku za taabu, na yao siku za uamuzi.

Asubuhi nilimwacha mtoto amelala, nikaenda bombani ili nipate maji ya kumwogesha kabla hatujatoka. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na ndoo kichwani, nilimkuta binti yangu wa miaka minne amekaa mlangoni peke yake, anakula kiporo cha wali kwa mkono.

"Bibi yuko wapi?"

"Kamchukua mdogo. Wameenda na shangazi kwa babu wa vimeo."

Shangazi yake, yaani wifi yangu, alikaa Gongoni, na yule mkata vimeo alikuwa nyuma ya nyumba yake. Ndoo niliiacha palepale. Binti nilimwingiza kwa jirani bila hata kupiga hodi, nikakimbia.

Niliwakuta uani. Wifi ameshika miguu ya mwanangu, mama mkwe amebana kichwa kwa mikono miwili, na mtoto analia kwa sauti iliyokwisha. Mzee alikuwa hajamkata bado; alikuwa anasuuza kijichuma chenye ncha iliyopinda ndani ya kikombe cha plastiki. Wanawake wawili walikaa mkekani na watoto wao, wakingoja zamu.

"Mwacheni!"

Nikamvuta mtoto. Mama mkwe aliachia, wifi hakuachia. Nikamng'ata mkono. Sioni haya kulisema. Nilimng'ata mpaka akapiga yowe.

"Umerogwa wewe?" mama mkwe akafoka. "Huyu ni mjukuu wangu! Sita nimewalea, sita wazima!"

"Uliowazaa ni saba," nikamwambia. "Wa saba yuko wapi?"

Mume wangu aliwahi kunigusia mara moja tu kwamba alikuwa na mdogo wake aliyefariki mchanga. Alikufa kwa nini, sikujua. Nilitafuta neno la kumrushia kama jiwe, nikaokota lililokuwa karibu. Mama mkwe alikaa chini vumbini, kanga ikamdondoka kichwani, asiiokote. Nilimruka nikatoka na mwanangu.

Bodaboda alitufikisha hospitali, Kitete. Daktari alimsikiliza kifua na kusema ni nimonia. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Kutwa nzima sikuondoa macho kwenye mbavu zake. Siku ya tano aliomba uji, ndipo nilipolia.

Mume wangu alikuwa amefika siku ya pili. Alisimama kando ya kitanda, na neno lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemuuliza swali."

"Yule alikufa kwa surua," akasema. "Alifia mgongoni kwake, wakiwa njiani kwenda zahanati."

Nikajua nimemwonea. Nilimfunika mtoto shuka, nikamgeuzia mume mgongo.

Mama mkwe alirudi kwao kabla hatujatoka wodini. Siku hizi akija hufikia kwa bintiye. Mimi huwapeleka watoto wakamwamkie, kisha husimama mlangoni mpaka wamalize. Shikamoo yangu huiitikia akitazama ukuta. Neno la kumwomba radhi kwa ajili ya marehemu yule ninalo, na limeniwia zito. Ila naye hajawahi kusema lolote kuhusu kumwacha binti yangu peke yake, wala kuhusu mikono ile iliyobana kichwa. Aanze yeye. Mwanangu yule anaingia darasa la pili mwakani, na bibi yake bado hajaanza.