Waranti, timing belt na ng'ombe tisa za mzee wangu wa Nkoma

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nipo dukani hapa Bariadi, jua kali, wateja wamekatika. Nimeona nitumie nafasi hii kuwaandikia jambo nililokaa nalo tangu msimu wa pamba. Ni mambo yaliyonikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Mimi nauza pembejeo: mbegu, dawa za pamba, mabomba ya kupulizia. Wateja wangu wengi wako vijijini, hivyo bila usafiri wa uhakika duka langu ni chumba chenye harufu ya dawa tu.

Mwaka jana nikapata pickup ya dizeli, double cabin, used kutoka Japan. Niliinunua kwenye yadi moja ya magari Dar. Siitaji, sikuja hapa kumtangaza mtu.

Hela ilitoka kwa mzee wangu anayeishi Nkoma, wilaya ya Itilima. Aliuza ng'ombe tisa.

Kwa ambao hamjaishi Usukumani, naomba mtulie hapo kidogo. Ng'ombe TISA, kwa ajili ya chuma. Baba zangu wadogo walidhani nimemroga. Siku anawatoa zizini aliniambia neno moja tu: "Nawatoa, lakini nataka niwe nawaona wakitembea."

Basi kila nikifika nyumbani na ile pickup, mzee anaizunguka taratibu, anaigusa boneti, anaangalia tairi moja moja, kama anavyokagua ng'ombe mnadani. Akimaliza ndiyo ananisalimia mimi.

Sasa tuje kwenye waranti.

Yadi walinipa waranti ya mwaka mmoja, injini na giaboksi. Ile karatasi nilii-laminate. Nikaitundika dukani pembeni ya leseni ya biashara, kila mteja aione. Kuisoma? Nilisoma kichwa cha habari, kikanitosha.

Mwezi wa nne tangu niinunue ikawaka taa kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT.

Jirani na duka langu kuna gereji ya fundi anaitwa Maduhu. Alichungulia mara moja akasema, "Bosi, timing belt imefika muda wake. Ni mkanda wa mpira, ndiyo unaofanya juu na chini ya injini viende pamoja. Ukikatikia barabarani, pistoni zinagonga valvu, injini kwisha."

Nikamjibu kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka natamani kujificha: "Fundi, hii gari ina WARANTI. Usiiguse. Watatengeneza wenyewe."

"Sawa bosi," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi nikipita: "Bosi, watu wa waranti wameshafika?" Mafundi wengine wanacheka. Nami kwa ubishi wangu nikatafuta stika imeandikwa MUNGU NI MWEMA, nikaibandika juu ya ile taa ili isinisumbue.

Mungu ni mwema kweli, wakuu, ila ile stika niliibandika kwa nia mbaya.

Wiki tano nimekwenda Zagayu, nimekwenda Nkoma, nimebeba dawa, nimebeba watu, taa inawaka chini ya jina la Mungu.

Mwishowe utani wa Maduhu ukanichosha. Nikapiga customer care ya ile yadi, akapokea dada mmoja mpole. Nikamwambia nataka waje wabadilishe timing belt, au wanipe spea.

"Kaka, timing belt ni matengenezo ya kawaida," akasema. "Ni kama oil, filta, brake pad na tairi, inaisha kwa kutumika. Waranti inahusu kitu kilichoharibika kwa ubovu wake chenyewe. Ipo ukurasa wa pili."

Wakuu, niligomba! Nilimwita tapeli. Nikasema nitawaanika mitandaoni, nina degree mimi, siyo wa kuchezewa.

Yule dada alinisubiri mpaka pumzi ikaniishia, kisha akasema taratibu, "Kaka yangu, ubadilishe wiki hii hii. Ukikatika na taa ilishawaka, injini ikifa hatutaweza kukusaidia hata tukitaka. Tumia fundi yeyote mzoefu, ila aandike tarehe na kilomita kwenye risiti."

Nikamkatia simu.

Jumamosi nikaenda Nkoma kumlilia mzee. Nilimkuta zizini anaangalia ndama.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia baba yangu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana wane. Mwanangu, mbona umekunja uso?"

Nikamweleza yote. Akauliza waranti ndiyo nini. Nikamwambia ni ahadi, kwamba gari ikiharibika ndani ya mwaka wanaitengeneza wao.

Akasema, "Kumbe ni kama ng'ombe zangu zilizoko kwa Jilala?"

Niwaeleze hapo. Kwetu mwenye mifugo huwa anaweka ng'ombe wengine kwa rafiki yake. Yule rafiki anakamua maziwa, anapata mbolea, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Jilala ni rafiki wa mzee kule Zagayu, anamtunzia ng'ombe wanne.

"Ng'ombe akipigwa radi kwa Jilala," mzee akaniuliza, "hasara ya nani?"

"Yako."

"Akiwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao?"

"Yako pia."

"Kumpeleka josho ni kazi ya nani?"

"Ya Jilala."

"Asipompeleka, kupe wakamuua?"

Nikajifanya naangalia ndama.

"Jibu."

"Jilala analipa."

"Sasa wewe maziwa unakunywa, halafu unataka mwenye ng'ombe atoke Dar es Salaam aje akuogeshee Bariadi?"

Wakuu, mzee wangu kaishia darasa la nne. Hata hiyo karatasi yenyewe hajawahi kuishika. Kaielewa kuliko mimi niliyeitundika ukutani.

Wakati naondoka nimeshawasha injini, akaingiza kichwa dirishani kuniaga. Akaiona stika. "Hapa kuna nini?" Akaibandua kwa ukucha, ile taa ikamwangalia.

Akanigeukia. "Huo mkanda ukikatika, inakuwaje?"

Ningeweza kumdanganya, lakini nilishindwa. Nikasema, "Injini inakufa, bhabha."

Hakunifokea. Aliweka mkono juu ya boneti. Nilijua anawahesabu wale ng'ombe tisa. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na nikiandika hapa bado naisikia.

Kisha akasema, "Nenda polepole. Na ule mkanda mzee usiutupe. Ng'ombe akifa kwa Jilala, Jilala ananiletea ngozi. Bila ngozi nitajuaje kama hakumuuza?"

Nilirudi Bariadi kwa mwendo wa baiskeli, naomba Mungu njia nzima, safari hii bila stika.

Jumatatu Maduhu akafungua kava. Alichotoa humo siyo mkanda, ni kamba. Umepasukapasuka, meno mengine hayapo, nyuzi zinaning'inia. Nilijiandaa kuchekwa ila Maduhu hakucheka. Alinishika bega akasema, "Bosi, huu usingefika Ijumaa."

Akaweka mpya pamoja na tensioner yake ya kuukaza, akaandika risiti kwa mkono: tarehe, kilomita, jina lake. Ule wa zamani nikautia kwenye kiroba cha mbegu nikauweka stoo.

Nilidhani yameisha.

Miezi miwili baadaye gari ikaanza kuchemsha. Maji yanapungua na hayavuji popote. Maduhu akachomoa kijiti cha oil, oil imekuwa kama chai ya maziwa. Akasema cylinder head, kile kichwa cha injini, ina ufa kwa ndani.

"Huu siyo uchakavu wa kwako," akaniambia. "Hapa sasa ndipo pa waranti. Mimi sigusi."

Nikapiga simu Dar. Akapokea yule yule dada. Nilivyojitambulisha tu: "Ahaa, kaka wa timing belt!" Nikaomba radhi hapo hapo, kwa moyo wote. Akacheka, akaniambia niipeleke kwa fundi wao Mwanza.

Pickup ikapandishwa kwenye lori lililokuwa linarudi tupu.

Yule mkaguzi wa Mwanza, baba mtu mzima wa miwani, swali lake la kwanza: "Timing belt ilibadilishwa lini?" Alisema injini ya kilomita zile kama haikutunzwa, waranti yake haipo tena.

Nikatoa risiti. Akaigeuza geuza. "Ya mkono hii. Risiti ya mkono mtu yeyote anaandika."

Niliwaona ng'ombe tisa wanaondoka tena.

Ndipo nikafungua kile kiroba nilichokuja nacho, nikamwekea ule mkanda mezani.

Akaushika, akausoma namba, akaenda kufungua kava na kuulinganisha na ule mpya. Akarudi anatabasamu. "Nani alikwambia uutunze?"

"Mzee wangu. Alisema ni ngozi."

Yule baba alivua miwani akacheka mpaka machozi. Kumbe ni Msukuma mwenzetu wa Maswa, kwao Binza. "Mwambie mzee wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Ngozi imefika." Akagonga muhuri. Head mpya wakaweka wao na sikudaiwa hata nauli ya spea.

Wakuu, nashukuru. Namshukuru yule dada aliyetukanwa na bado akaniambia ukweli. Namshukuru Maduhu, fundi anayejua cha kugusa na cha kuacha. Na mzee wangu, kwake nakosa hata pa kuanzia.

Nilichojifunza ni kwamba waranti haikuogeshei ng'ombe. Mkanda, oil, filta, brake ni vya kwako wewe unayekunywa maziwa, na ukivipuuza unaiua hata ile ahadi uliyopewa. Badilisha kwa wakati, andikiwa, tunza kilichotoka. Na jamani, someni ukurasa wa pili.

Wenye gari zenye waranti, nyie mlikutana na nini? Mafundi mliomo humu, kama nimekosea mahali nirekebisheni. Na mwenye kunicheka kwa ile stika anicheke tu, ni haki yake.

Wabeja sana.

EDIT: Mnaouliza ule mkanda uko wapi, mzee aliuomba. Ameutundika sebuleni kwake Nkoma. Siku nimefika na pickup, mgeni akiuliza ni kitu gani, anamjibu: "Ngozi hiyo. Ng'ombe wenyewe wapo hapo nje, wote tisa, wanatembea."