Darasa zima waliandika gain 10, binti mmoja akaandika 7: nilivyoumbuka maabara

Wakuu, salamu kwenu. Hii si chai, ni aibu yangu mwenyewe naianika hapa.

Mimi ni mwalimu wa physics form five, shule moja huku Handeni. Juzi tulikuwa na practical ya op-amp, ile inverting. Kwa wasioijua, ni kidude kinachokuza volt ndogo na kuigeuza alama, plus inatoka minus. Kazi ni kupima imekua mara ngapi. Hiyo ndiyo gain.

Resistor ya kuingilia 1k, ya kurudisha 10k. Ya pili gawanya kwa ya kwanza, jibu ni minus kumi, hata usingizini. Nikawaelekeza: seti input nusu volt kwa potentiometer, ile ya kuongeza na kupunguza volt, kisha unganisha saketi, soma output.

Kusahihisha sasa, minus tukiiacha kando: kumi, kumi, kumi. Raha tupu.

Nafika kwa Sauda, binti wa Kerenge, Korogwe. Mpole, maksi za kuungaunga. Kaandika saba.

Nikampa zero. Na walimu tulishakubaliana, akianguka tena practical tumbadilishie combi, aachane na physics. Binti mwenyewe ndoto yake uinjinia, mama yake anauza machungwa pale Segera ili asome.

Nikamwita ofisini. Akanipa shikamoo, nikaanza kumsema. Hakulia wala hakubisha, aliomba tu twende maabara apime mbele yangu. Nikaenda na hasira zangu.

Akaseti nusu volt. Akaunganisha. Output: minus 3.5.

Nikabadilisha chip. 3.5. Nikaweka betri mpya. 3.5 ile ile. Wakuu, jasho lilinitoka.

Kisha akarudisha mita kwenye input, saketi ikiwa imeunganishwa. Ikasoma 0.35.

"Mwalimu, ile nusu volt ilikuwepo kabla sijaunganisha. Nikiunganisha inashuka. Mimi nilifuata maelekezo yako, nikagawanya 3.5 kwa nusu, ndiyo maana nikapata saba."

Gawanya 3.5 kwa 0.35. Kumi! Op-amp nzima kabisa, kibovu ni maelekezo yangu ya miaka yote. Input inapimwa ikiwa kazini, kama mtu humpimi nguvu kabla hujamtwika ndoo.

Nilimvulia kofia yule mtoto, sioni haya kusema.

Kesho yake nikalieleza darasa lote. Kijana anayeongoza akauliza, "Sasa mwalimu, sisi tuliopata kumi tunakosa maksi?"

Nikawauliza, nusu volt ikikua mara kumi ni volt tano, nani aliziona kwenye mita yake?

Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Walipika majibu wote, wakanipa nilichotaka kusikia.

Sauda kapata zote, na physics haondoki. Wengine wanarudia, na karatasi ya maelekezo nimeiandika upya.

Nilichojifunza: mwanafunzi akipishana na marking scheme, kapime mwenyewe kabla hujashika kalamu nyekundu. Nilibakiza saini moja tu ya kumbadilishia combi, nimpoteze injinia.

Walimu na mafundi wa humu, nani alishawahi kusahihishwa na mwanafunzi wake? Shusheni, na mawe nayapokea.