Aliyenifundisha Kunusa Lumba-lumba

Hii sikuambiwa na mtu. Ilinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, kando ya mto Tshopo.

Mdogo wangu Beni, miaka minne, alikuwa anakohoa, siku ya tatu hapati usingizi. Mama akanituma nikachume majani ya lumba-lumba, amchemshie anywe.

"Unaijua?"

"Ndiyo, mama."

Sikuijua! Niliona haya kusema. Na kwetu mwenye kwenda kuchuma dawa hasalimii mtu njiani, dawa isipoteze nguvu. Ah, desturi hiyo naipenda, mimi mwenye haya.

Ukungu ulikuwa bado. Nikaona kichaka chenye maua ya njano na ya pinki, kinanuka kweli. Bon, dawa si lazima inuke? Nikajaza kikapu.

"Mbote, mutoto ya mama!"

Nyuma yangu alisimama mwanamke aliyejifunga pagne, kitenge cha bluu. Nikanyamaza. Akacheka hadi akashika tumbo.

"Bubu yangu! Hiyo unapelekea nani, adui?"

Ungefanya nini? Nikijibu, dawa inaharibika. Nisipojibu, Beni atakunywa nini?

"Mudogo yangu," nikasema. "Anakohoa."

"Alors, gusa."

Shina lilikuwa na miiba midogo, jani linakwaruza kama msasa.

"Ukimupa hii, tumbo itamukata mpaka mutalia wote. Sasa gusa ile."

Hatua tatu tu: jani laini, maua meupe membamba kama mkia wa panya, harufu ya karafuu.

"Lumba-lumba ni hii. Kikohozi, tumbo, hata mbu zinaikimbia. Na kunyamaza ni kwa kurudi, si kwa kwenda! Mwenye hajui anauliza."

Nikainama kuchuma. Nilipoinuka, hayupo. Niamini: nyasi zilijaa umande, miguu yangu imechora njia nzima. Yake? Hakuna hata alama moja.

Nilikimbia kimya, kicheko kimenijaa mdomoni. Beni akanywa, akapiga chafya mara saba, akalala. Mama aliposikia habari ya pagne ya bluu na kicheko kile, akakaa chini.

"Mama Feza! Alikuwa anauzisha majani sokoni. Tulimuzika mbele ya wewe kuzaliwa."

Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka tukamwamsha mtoto.

Siku hizi majirani wananiita nikague majani yao, na mimi naongea, hata na wapapa, wazee wa mtaa! Lakini wewe unayesoma, usitie kwenye sufuria jani unaloona haya kuliuliza. Huenda asubuhi yako Mama Feza atakuwa anacheka na mwingine, ng'ambo ya mto.