Mikono Bado ya Moto

Visitacion Sumalpong alitoka tumboni kwa mama yake akitanguliza miguu, na kisiwani Siquijor mtoto wa namna hiyo hapati utoto mrefu. Hata meno ya utotoni hayakuwa yamemtoka, watu tayari walikuwa wanabisha hodi: huyu amekwamwa na mwiba wa samaki kooni, yule shingo imekakamaa, na wote wanataka kuguswa na mtoto aliyezaliwa miguu kwanza. Bising, kama kila mtu alivyomwita, aliamshwa usingizi wa mchana, akapitisha vidole kwenye koo la mzee anayenuka pombe ya mnazi, kisha akarudi kwenye mkeka amenuna. Mara nyingine mwiba ulitoka. Mara nyingine mzee alitapika tu.

Bibi yake ndiye aliyeona kwamba mtoto ana vidole ila hana maarifa, akaanza kumfundisha hilot, ukandaji wa pale kwao. Alimwonyesha namna ya kupaka jani la mgomba mafuta ya nazi na kuliburuta polepole mgongoni mwa mgonjwa. Linapoteleza, pita. Linaponata, simama, kwa sababu hapo pana neno. Na alimwonyesha jambo moja zaidi, ambalo hakulirudia mara mbili kwa kuwa alilisema akiwa ameshika fimbo: mikono iliyotoka kazini ina moto, usiitie majini mpaka ipoe. Ukiitia utapata pasma. Mishipa itajikunja, vidole vitatetemeka, na hutakanda tena.

Bising hakuhitaji fimbo. Mama yake alikuwa dobi wa nyumba za wakubwa. Asubuhi alipiga pasi, na kabla pasi haijapoa aliitwa kufua, maana mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za kukaa. Alipofika umri wa makamo, kikombe cha kahawa kilimwagika njiani kabla hakijafika mdomoni. Ni Bising aliyemlisha wali, kijiko kwa kijiko, hadi siku ya mwisho.

Kwa hiyo alipokwenda Cebu akiwa msichana kufanya kazi za ndani, na bosi wake akamwamuru aache pasi akaoshe vyombo sasa hivi, alijibu, "Ngoja mikono ipoe, mama." Aliambiwa huku mjini hakuna mikono ya kupoa. Akafunga nguo zake kwenye mfuko wa mchele, akapanda meli ya kurudi. Miaka mingi baadaye, daktari wa kituo cha afya alipomweleza kwa upole kwamba pasma haimo katika vitabu vyake, Bising alimgeuza upande wa pili ili amkande bega lingine, akasema, "Basi iandike, daktari. Kalamu unayo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikanda wavuvi, wakwezi walioanguka minazini, wazazi wa juzi na vichanga vyao. Kisha wakaja wasafiri. Walishuka meli ya Dumaguete na mabegi mgongoni, wakaulizia hilot, na madereva wa bajaji wakawaleta hadi uani kwake, juu ya kilima. Aliwalaza kwenye mkeka uleule waliolalia wavuvi. Akimaliza mmoja alikaa kizingitini, mikono juu ya mapaja, mpaka joto litoke viganjani. Aliyefuata alisubiri. Kulikuwa na ndizi za kukaanga, na kulikuwa na kuku wa kuwatazama.

Hoteli ilipofunguliwa ufukweni, bajaji ziliacha kupanda kilima. Madereva walikuwa wameahidiwa kitu kidogo kwa kila mgeni watakayemshusha kwenye ukumbi mpya wa hilot. Baada ya muda, meneja mwenyewe, Leandro Quibilan, kijana wa Cebu mwenye shati jeupe, alipanda kwa miguu hadi kwa Bising, akanywa kahawa, akasifu mkate wa mchele.

"Wageni wanakutaja wewe, Nang," alisema. Nang ni dada mkubwa, na alilitamka vizuri. "Njoo ufanye kazi kwetu. Njoo na wenzako."

Bising angekataa. Lakini wifi yake Doray, aliyejifunza kukanda mkononi mwake, alikuwa nyuma ya pazia akimkonyeza kwa macho yote mawili. Binti wa Doray alikuwa anasomea uuguzi Dumaguete.

"Wakikuchukua wewe, na sisi tutachukuliwa," Doray alimwambia Bising, Leandro alipokwisha kuondoka. "Usituharibie na huo mdomo wako."

"Mdomo wangu umekukosea nini?"

"Bado. Ndiyo maana nasema mapema."

Walikwenda wanne: Bising, Doray, bi mkubwa Gliceria, na mpwa wa Gliceria aitwaye Mayeth. Walipewa sare ya rangi ya mchanga na kanuni. Kila mgeni akandwe kwa mpangilio uleule, awe ameteguka au amechoka tu. Jani la mgomba lipite mara moja, mgeni apige picha, liondoke. Na kazi ikiisha, mkandaji anawe kwenye bomba lililo pale ukumbini, mgeni akiona, halafu baada ya dakika kumi apokee mwingine.

Siku ya kwanza Bising alimaliza mgeni wake, akalipita bomba kama vile limechorwa ukutani, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Leandro alimfuata.

"Nang, hujanawa."

"Nitanawa ikipoa."

"Inapoa saa ngapi?"

"Inapopoa."

Leandro alitazama orodha ya wageni waliomtaja Bising kwa jina. "Sawa. Wewe tu, lakini. Usiwaambie wenzako."

Bising alirudi nyumbani kifua mbele. Alisimulia jirani hadi jirani jinsi alivyomnyoosha kijana wa Cebu, na kila alipoisimulia Leandro alizidi kuwa mfupi. Miezi ikapita hivyo. Kila alipomaliza mgeni alikaa nyuma ya jiko akitazama mpishi akikuna nazi, naye alijiona mshindi.

Jumapili moja baada ya misa, Doray alimpitia kuomba chumvi. Bising alimpa kopo. Kopo likaanza kulia mkononi mwa Doray, chumvi ikigonga bati kama njuga. Doray akalikumbatia haraka kifuani.

"Leta mikono," alisema Bising.

"Nina haraka."

"Doray. Leta mikono."

Vidole vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, taratibu, kama majani yenye upepo mdogo. Bising aliviona, akamwona mama yake.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ulipoanza kupumzika." Doray hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulidhani wageni wako wanakwenda wapi ukiwa nyuma ya jiko, dada? Wanasubiri? Wanaletwa kwangu. Namaliza wangu, nanawa, napokea wa kwako, nanawa. Wewe ukikaa, mimi naongezewa."

"Mbona hukusema?"

"Ningekusimamisha vipi? Ulikuwa unasimulia."

Bising alipasha mafuta ya nazi na tangawizi, akaikanda mikono ile hadi wali wa mchana ukaungua jikoni. Hakusimulia chochote. Usiku ule majirani walimwona akifunga mlango mapema, wakadhani anaumwa.

Kesho yake hoteli ilijaa. Kwenye kitanda cha Doray alilala jitu moja la Kiaustralia lenye mgongo mpana kama mlango wa kanisa, lililokuja kuonja hilot kwa sababu shemeji yake alikuwa ameonja. Bising alimaliza mgeni wake upesi kuliko wote. Badala ya kwenda nyuma ya jiko, alichukua kigoda, akakiweka mbele ya bomba, akakaa, mgongo ukiziba koki.

Gliceria akamaliza, akaja kunawa. "Nipishe, Bising."

"Mikono yako ikoje, dada?"

Gliceria alimtazama, akatazama viganja vyake. Alikuwa mwanamke wa kufikiri taratibu. "Ya moto," alisema mwishowe, akavuta benchi.

Mayeth akaja, akakaa bila kuulizwa. Doray alikuwa katikati ya ule mgongo mpana. Aliwatazama wenzake, akamtazama Leandro aliyekuwa anaingia mlangoni, na mikono yake ikaanza kutetemeka juu ya mafuta. Hakuificha. Alimfunika mgeni shuka, akaja akakaa kando ya Bising.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Leandro.

"Mikono bado ya moto," alisema Bising.

"Nang, tulikubaliana."

"Ulikubaliana na mimi. Leo wamekuja wote."

Leandro akashusha sauti. "Wageni wanataka usafi. Hilo ni kosa?"

"Si kosa. Tutanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, tena mbele yao, wakitaka wapige na picha. Tukishapoa. Hatujakataa kunawa, bosi. Tumekataa kukimbizwa."

"Kukimbizwa! Kwa sababu ya pasma? Nimeuliza madaktari wawili. Pasma haipo."

"Sawa," alisema Bising. "Haipo. Basi tumechoka tu. Kuchoka kupo?"

Kwenye kitanda, Mwaustralia aliinua kichwa. "Tumemaliza?"

"Hakuna shida, bwana!" alisema Leandro kwa Kiingereza chenye tabasamu.

"Mikono," alisema Doray kwa Kiingereza alichokuwa nacho, akiionyesha. "Inalala kidogo."

"Nimelipia saa nzima."

"Mwambie saa yake ipo," alisema Bising. "Hatujaila."

Hakuna aliyemtafsiria. Jitu lilishusha uso kwenye tundu la kitanda, na si muda likaanza kukoroma, mkoromo wa mtu aliyetoka mbali, uliojaza ukumbi hadi darini. Mayeth alijiuma mdomo asicheke.

"Nje ya geti kuna wanawake wanatafuta kazi hii," alisema Leandro, sasa akilazimika kupaza sauti juu ya mkoromo. "Mnajua hilo?"

"Tunawajua," alisema Gliceria. "Aliyesimama mbele ni binti yangu. Mwite. Atakaa hapa pembeni yangu, benchi ni refu."

Uso wa Leandro ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu kila jioni kuulizwa idadi ya wageni, na yeye naye hakuwa na pa kukaa. Lakini mtu anayekanyagwa huwa na hiari ya kukanyaga au kutokanyaga, na yeye alikuwa amechagua. Akamnyooshea Bising kidole.

"Wewe nenda nyumbani. Usirudi. Nyinyi wengine, naweni, wageni wanasubiri."

Bising aliinuka. Alivua sare papo hapo, akabaki na fulana yake yenye sura ya mgombea wa uchaguzi uliopita, akaikunja sare ile vizuri na kuiweka juu ya kigoda. Bomba sasa lilikuwa wazi. Alitaka kuwaambia wenzake jambo. Akaona kwamba akisema itakuwa tena hadithi yake. Akatoka.

Nje ya ukuta wa mianzi hakuendelea. Alisimama juani akisikiliza. Koki ile ilikuwa na mlio wake, ililia kama panya kabla ya kumwaga, na masikio yake yote yalikuwa yanaungoja. Alimfikiria Doray, binti yake Dumaguete, viatu vyeupe vya uuguzi. Doray akinawa sasa, hakuna wa kumlaumu. Bising alijiambia hivyo, na bado alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Mkoromo ulipanda, ukashuka. Kiti kiliburutwa. Mtu alikohoa. Koki haikulia.

Kisha ikasikika sauti ya Leandro, ndogo, ya mtu anayeuza kitu asichotaka kukiuza. "Nusu saa. Basi. Kila mmoja nusu saa baada ya kila mgeni, halafu mnanawa."

"Sote?" Ilikuwa sauti ya Doray.

"Nyote."

"Na ikiwa bado haijapoa?" aliuliza Gliceria.

"Nang Gliceria, nakuomba."

"Nauliza tu, mwanangu."

Bising aliachia ukuta. Getini dereva wa bajaji alikuwa amelala kiti cha nyuma, miguu nje. Ni miongoni mwa wale walioacha kupanda kilima. Alimpiga kofi kwenye unyayo.

"Amka. Nipeleke nyumbani."

Dereva alimtazama, akaona fulana badala ya sare. "Wamekufukuza, Nang?"

"Mimi, ndiyo."

"Na wenzako?"

"Wamekaa." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja cheo cha mwanawe.

Dereva aliwasha, akajikuna shingo. "Sasa utafanya nini?"

"Nilichokuwa nafanya. Kesho meli ikifika, ukipata mgeni mwenye mgongo mbovu mlete juu kwangu. Mwambie wazi kwamba huko atasubiri."

"Na akiwa na haraka?"

"Akiwa na haraka mpeleke kwa Leandro," alisema Bising, akipanda. "Akasubiri nusu saa."