Lusina Iliyongojea Jumapili ya Mavuno

Mzee Ebenezeri ananitia kinyaa, na nasema hivi mimi jirani yake wa miaka ishirini, ambaye bado namwamkia shikamoo kila asubuhi. Ujanani alikuwa mpagazi wa mlimani, sasa ni mzee wa kanisa hapa kwetu Old Moshi, na kote alikopita alitaka jambo moja tu, aonekane. Ukimsifia shati atalivaa wiki nzima.

Kikundi chetu cha ng'ombe wa maziwa kilimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Sharti letu ni kwamba ndama jike wa kwanza anakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na aliyefuata nilikuwa mimi. Nilisubiri miaka minne. Banda nilishajenga. Ng'ombe wake alipozaa jike, nilimpelekea mkungu wa ndizi kwa furaha.

Mzee alikuwa na lusina nzuri kando ya mfereji, yale majani ya kulishia ng'ombe. Sasa lusina si mahindi. Inakatwa maua yanapoanza kuchungulia, moja hapa moja pale, bua likiwa bado laini. Ile protini inayoleta maziwa na kumkuza ndama iko kwenye majani. Nilipoona maua ya kwanza nikamwambia, "Baba Loveness, kata sasa, jua lipo."

Akacheka. "Mama Ezra, hii haijakomaa."

"Majani ya ng'ombe hayakomai, yanazeeka."

"Acha ijaze bwana. Nataka ya kupeleka madhabahuni Jumapili ya Mavuno."

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Shamba likageuka zambarau, wapita njia wakapiga picha, naye kasimama ukingoni kashika kiuno. Nilikuwa nikipita natazama pembeni. Jumapili ikafika, robota lake la lusina likapigwa mnada kanisani, akapigiwa makofi. Lusina iliyobaki shambani alipoikata na kuianika, majani yakapukutika yote chini. Alichofunga ni mabua matupu, magumu kama fito.

Kiangazi kizima ng'ombe alikula hayo. Maziwa yakapungua, na hayo machache yakaishia kwenye chai ya Mzee. Ndama akaachishwa mapema, akatupiwa mabua. Nilimwona akitafuna na kutema, tumbo limevimba, mbavu unazihesabu. Nikawa nikitoka sokoni Kiboriloni nampitishia pumba. Mzee akanikataza, eti namdhalilisha mbele ya watu.

Siku ya kukabidhiana alimleta kwa toroli, kamfunika kitenge. Akahutubia kuhusu moyo wa kutoa, nusu saa nzima, na ndama kalala pale pale hawezi kusimama. Nilimpokea. Nilimnywesha uji na maziwa ya kununua kwa chupa. Siku ya nne alikufa, kichwa chake kikiwa pajani pangu.

Kikundi kikaitisha kikao. Ebenezeri akasimama, akafuta macho kwa leso, akasema ndama alitoka kwake akiwa hai, ila Mama Ezra hakujua kulea. Hakuna aliyebisha, maana nani ambishie mzee wa kanisa. Kwa kanuni yetu, ndama akifia kwako unarudi mwisho wa orodha. Katibu akaliandika jina langu la kumi na tisa. La kumi na nane, juu yangu, ni la mke wa mwana wa Ebenezeri.