Tisa kwa Wawili, Sifuri kwa Mmoja

Yule dada aliingia kibandani amekumbatia mashine yetu ya gemu, ameifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Akaiweka juu ya friji la barafu bila kusalimia. Mtaani kwetu mtu mzima akiingia mahali bila salamu, watu huacha wanachofanya. Vijana waliokuwa wanacheza walisimamisha mechi wenyewe.

"Nani anayeandika hizi namba kwenye makava ya gemu?" akauliza.

Shangazi yangu, mwenye kibanda, alininyooshea kidevu. Mimi nilikuwa nyuma ya televisheni nakaza waya, na ningeweza kukaa huko mpaka jioni.

"Wewe?" Akanitazama kama aliyetegemea mtu mwenye ndevu. "Umeandika tisa. Tisa kwa kumi. Mdogo wangu ana plasta kuanzia paja mpaka karibu na vidole. Daktari kasema asikanyage. Nikamkodia gemu atulie kitandani, nami niende sokoni nikakaange samaki wangu kwa amani. Jana narudi, namkuta sakafuni ukumbini, kashika mguu, analia. Unajua alikuwa anakwenda wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Kutafuta mtu wa kucheza naye. Gemu yako ya tisa haichezwi na mtu mmoja."

Masikio yangu yaliziba. Nilimwona anaendelea kusema, midomo inakwenda, lakini nilichosikia ni lile neno tisa tu, kwa sababu niliikumbuka siku niliyoliandika, na niliikumbuka furaha yangu.

Nieleze hizo namba zilitoka wapi. Kibanda cha Shangazi kiko nyuma ya soko la samaki. Kina televisheni mbili, mabenchi mawili, friji la barafu za ukwaju, na mashine ya tatu ambayo haichezewi pale, inakodishwa majumbani pamoja na sidii moja ya gemu. Shangazi mwenyewe hajawahi kushika pedi ya kuchezea. Mteja akimuuliza gemu ipi nzuri, alikuwa ananiita kwa sauti inayofika msikitini. Mimi maneno mbele ya watu hayanitoki. Tangu shule ya msingi nilikuwa yule ambaye mwalimu akimsimamisha, darasa zima linajua kutakuwa kimya. Nikaona bora nibandike karatasi kwenye kila kava na kuandika alama. Mtu asome, achague, asiniulize.

Na nilivyokuwa natoa alama ni hivi: nilisikiliza benchi. Gemu ikiwainua watu kwenye benchi, wakapigana mabega na kutukanana kwa mapenzi, inapata saba, nane. Ile ya mpira ilipata tisa siku waliyovunja benchi. Ile ya mtu anayepiga makasia visiwani ilipata mbili. Vijana wawili walishindana mitumbwi dakika chache, skrini imegawanyika katikati, mitumbwi inajikokota, na mmoja wa waliokuwa wanasubiri akapiga kelele, "Oya, toeni hiyo, tumekuja kuangalia watu wanavyochelewa?" Nikaandika mbili, nikairudisha kwenye kabati.

Kibandani kuna sheria moja tu: anayefungwa anapisha. Mshindi anabaki na pedi, aliyefungwa anasimama, anakwenda nyuma ya foleni. Kwa sheria hiyo kila gemu inachezwa na watu wawili. Kukalia televisheni peke yako wakati wenzako wanasubiri ni utovu wa adabu. Kwa hiyo pale mwanzo wa gemu, skrini inapokuuliza unataka kucheza vipi, mimi nilikuwa nabonyeza pa wawili bila kusoma sehemu nyingine.

"Nenda kamwone huyo mtoto," Shangazi akaniambia dada alipoondoka. "Na mashine umrudishie. Pesa yake bado iko kwangu."

"Shangazi, niende nikaseme nini?"

"Nani kakwambia useme? Nenda."

Nilitia begini mashine, sidii ya mpira, na sidii nyingine nilizozizoa kabatini bila kuchagua. Shangazi akanipa na barafu kwenye mfuko. Nyumba yao haikuwa mbali. Walikuwa wawili tu, dada na mdogo wake. Mama yao anauza chakula Saadani na huja mara mojamoja. Mtoto mwenyewe, wa darasa la tano, alivunjika alipoanguka kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya mawe iliyobaki gofu, alikopanda kufuata tiara lililokatika uzi.

Dada alinifungulia. Hasira ilikuwa imeshuka, imebaki sura ya mtu ambaye hajalala.

"Wamempiga picha tena," akasema. "Mfupa umecheza kidogo. Wamefumua plasta na kufunga upya, na wiki tulizokwisha kukaa hazihesabiwi. Akianguka tena wanampasua wamwekee chuma." Akachukua ndoo yake ya samaki. "Mimi siwezi kukaa hapa kumlinda. Nisipokaanga hatuli. Kwa hiyo niambie wewe mwenye namba zako, kitu gani kitamweka kitandani?"

Akatoka bila kusubiri jibu.

Mtoto aliketi ameegemea ukuta, mguu mweupe juu ya mto. Hakuonekana kuwa na kinyongo na mimi. Aliangalia mfuko wa barafu, kisha begi.

"Umeleta pedi zote mbili?"

Nikamwonyesha.

"Unganisha nikuonyeshe nilivyokuwa nafanya."

Nikaunganisha kwenye televisheni iliyokuwa miguuni pa kitanda. Akaweka gemu ya mpira, akachagua timu mbili, akashika pedi moja mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia. Mchezaji wa upande huu akapiga pasi, mkono wa pili ukakimbilia kuzuia. Alikuwa anatangaza mwenyewe, kwa sauti ndogo, anashangilia pande zote.

"Huyu mimi, na huyu mimi," akasema. "Nikishinda nabaki, nikifungwa nabaki. Hakuna wa kumpisha. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikaona bora nikamwite mtu."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Gemu iliyovunja benchi letu ilikuwa hapa kwenye chumba kimya, na mtoto anajifunga mwenyewe magoli.

"Mbona hukubonyeza pa kucheza peke yako?" Nilisikia sauti yangu ikiuliza.

Akanitazama kwa mshangao. Akarudi mwanzo, akabonyeza. Skrini ikaandika kuwa sehemu ile inahitaji mtandao. Akabonyeza sehemu iliyofuata. Mtandao. Iliyofuata. Mtandao. Nyumba ile haikuwa na mtandao wala simu ya kurushia.

"Hukujua?" akaniuliza.

Sikujua. Miezi yote ile nilikuwa kama mtu anayesifia nyumba kwa sababu alikaribishwa barazani. Vyumba vingine nilivipa tisa bila kuvifungua.

Akapekua begi. "Na hii ya mbili?"

"Mbovu hiyo."

"Umeicheza peke yako?"

Akaitoa kwenye kava. Akaiweka. Mitumbwi ile ile, lakini safari hii hapakuwa na mstari katikati ya skrini wala mtu wa kushindana naye. Kulikuwa na mtu mmoja aliyetupwa na mawimbi kwenye kisiwa, hana kitu, na bahari pande zote. Mtoto alimtafutia maji. Akamjengea kibanda, kikaanguka, akamjengea kingine. Akagundua kuwa akipiga makasia kufuata ndege anafika kisiwa cha pili. Mtandao haukuulizwa hata mara moja. Barafu iliyeyuka kwenye mfuko, adhana ya adhuhuri ikapita, na nilipomwambia naondoka hakugeuka. Nilisimama mlangoni nikimtazama kwa muda. Ile gemu niliyoiandikia mbili, niliyoificha kabatini, ilikuwa imemshika mtoto kitandani kuliko kamba.

Nilirudi kibandani na makava, sidii ya visiwa nimemwachia. Nikabandua karatasi ya tisa na karatasi ya mbili, nikashindwa kuandika.

"Tatizo nini?" Shangazi akauliza.

"Hii ya mpira, wawili ni tisa. Peke yako bila mtandao ni sifuri."

"Basi jumlisha ugawanye. Nne na nusu. Watu wanataka namba, hawataki hadithi."

Hapo nikakumbuka ripoti yangu ya darasa la saba. Kiswahili nilipata A. Hisabati nilipata E. Masomo mengine yalikwenda hivyo hivyo, juu kabisa au chini kabisa. Kwenye mstari wa mwisho wakaniandikia wastani wa C. Niliipitia karatasi ile mara nyingi nikitafuta somo nililopata C, na halikuwepo. Aliyeisoma bila kunijua alidhani mimi ni mtu wa katikati katika kila kitu, na mtu huyo hata mimi sikuwahi kukutana naye.

"Hakuna gemu ya nne na nusu humu, Shangazi," nikasema. "Anayekuja na mwenzake nitamnyima tisa yake. Aliye peke yake nitampa nne ambazo hazipo."

Shangazi akaacha kuhesabu barafu. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. "Haya," akasema. "Lakini kava lisije likawa gazeti."

Kuanzia hapo nilikuwa nafungua kibanda asubuhi kabla ya wateja na kucheza kila gemu pa mtu mmoja, waya wa mtandao nimeuchomoa. Nilikuwa napigwa na butwaa karibu kila siku. Gemu ya ngumi niliyoipa nane ilikuwa na sehemu ya kufundishwa ambayo ingenisaidia tangu mwanzo. Gemu ya magari niliyoipa nne ilikuwa na barabara unayoendesha popote utakapo, na nilijikuta nimeegesha gari juu ya kilima natazama tu. Sehemu nyingine za peke yako zilikuwa takataka, nikaziandika hivyo. Kila kava likapata mistari miwili, wawili na peke yako, na panapodai mtandao nikaandika pia, kwa sababu kitu kinachodai usichokuwa nacho ni sifuri kwako hata kiwe kizuri namna gani.

Vijana hawakuniacha. "Oya mwalimu, siku hizi gemu ina masomo mangapi?" "Mwalimu, mimi kwenye wawili nina ngapi?" Mmoja wao alimjibu, "Wewe peke yako una mbili, wawili ndio sifuri kabisa, muulize mchumba wako." Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko, na mimi nikacheka nikiwa nyuma ya televisheni.

Mtoto hakushuka kitandani tena. Dada alikuwa anapita akitoka sokoni kulipia mashine, na habari ilikuwa ile ile: yupo, ametulia, amefika kisiwa kingine. Kila alipokuja nilihisi mzigo unashuka.

Halafu siku moja aliingia, akasalimia vizuri, akamwamkia Shangazi, na kuegemea meza mbele yangu kwa sura ambayo sikuielewa.

"Plasta imetolewa," akasema.

"Alhamdulillahi," Shangazi akasema.

"Mfupa umeunga vizuri. Daktari kampa magongo, kasema aanze kutembea kila siku, la sivyo goti litakauka. Kaka, mdogo wangu hataki kusimama."

Nikaweka chini kava nililokuwa naliandika.

"Namwita, ananiambia ngoja nimalize kisiwa. Kila kisiwa kina kisiwa kingine mbele yake! Ulinipa kitu cha kumlaza, kimemlaza. Sasa nipe gemu mbovu kuliko zote ulizonazo."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshtuka upya. Ile ya visiwa nilikuwa nimeipa alama tisa kwa mtu wa peke yake, kwa mkono wangu, baada ya kujifunza kote kule, na hiyo tisa ilikuwa kweli mtoto alipokuwa na plasta. Leo, kwenye chumba kile kile, ilikuwa inamharibia goti.

Nilitafuta kabatini. Gemu mbovu zilikuwepo, mbovu kwa wawili na kwa mmoja. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye nakala ya pili ya ile ya mpira. Nikampa.

"Hii si ndiyo ile iliyomwangusha?"

"Ndiyo. Mpelekee hii, ile ya visiwa uirudishe." Kisha nikanyanyua pedi moja iliyokuwa mezani nimwonyeshe. "Na pedi ya pili uirudishe pia, abaki na moja."

Alinitazama, akatazama pedi, akaelewa. Akaondoka na sidii yake.

Siku ya kwanza mtoto hakuonekana. Ya pili pia. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea tena. Kisha alasiri moja, kibanda kimejaa, mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alikuwa yeye, magongo kwapani, fulana imelowa jasho. Dada alisimama hatua chache nyuma yake, mikono ameifungia kifuani kwa nguvu, ili asimshike.

"Gemu yako ni sifuri," mtoto akaniambia mbele ya watu wote.

"Najua."

"Zamu ya nani hapa?"

Walimpisha benchi. Akakaa, akaegemeza magongo ukutani, akachukua pedi. Alicheza vizuri, maana alikuwa amejizoeza kwa mikono miwili dhidi ya mtu mgumu. Lakini mpinzani wake alikuwa mshindi wa pale tangu adhuhuri, na mechi ilipokwisha mtoto alikuwa amefungwa goli moja.

Nikaona wanaangalia ule mguu uliokonda, kila mmoja anawaza kumwacha arudie.

Mshindi akakohoa. "Dogo," akasema, "anayefungwa anapisha."

Mtoto akavuta gongo moja, akalisimika chini, akainuka. Goti lilitetemeka. Hakuna aliyemshika. Akapita mbele ya magoti ya watu wote, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya foleni, na huko akasimama kusubiri zamu yake. Mlangoni, dada alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.