Vijidudu vya Mkondo Mmoja

Kabagwira alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alilelewa Karagwe, akasomea vijidudu, na kazi yake katika maabara moja ya Kimihurura ilikuwa kuchunguza maji ya bahari yaliyoshushwa kwa ndege kwenye uwanja wa Kanombe, ndani ya masanduku ya barafu. Alitafuta vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya baharini, kama vifanyavyo vile vya kwenye mizizi ya maharage.

Asubuhi moja matokeo yalimchanganya. Chupa mbili zilizojazwa mahali palipokaribiana zilikuwa na vijidudu tofauti kabisa. Nyingine mbili, zilizojazwa mbali mno moja na nyingine, zilifanana kama pacha.

"Umebadilisha chupa," alisema Nduwayo, mkuu wa maabara, bila ukali.

"Huenda, mkuu. Acha nirudie."

Akarudia kazi yote. Jibu likawa lile lile. Ndipo akafungua ramani ya mikondo ya bahari, akaanza kucheka peke yake. Zile pacha zilitoka katika mkondo mmoja, na maji yalikuwa yamevibeba vijidudu safari nzima. Zile jirani zilitenganishwa na ukingo wa mkondo huo, huku maji ya uvuguvugu, huku ya baridi.

Alikimbilia kwa Nduwayo akiwa bado amevaa glavu. Mzee aliitazama ramani, akavua miwani, naye kicheko kikamshika. Wakabaki wanacheka, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze.

Jioni alimpitia mumewe Usumani, fundi cherehani wa Kimisagara.

"Mama Gaju, iko nini leo? Unatembea kama unacheza."

Akamweleza, mikono ikipepea juu ya vitambaa.

"Yaani majirani hawajuani, na walio mbali ndio ndugu?"

"Ndiyo hivyo."

"Mbona kama sisi. Babu yangu alitoka pwani, wewe umetoka Karagwe, tumekutana hapa."

Kabagwira akambusu mbele ya wateja, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani.

Mwaka uliofuata aliitwa kwenye meli ya utafiti. Siku ya kwanza alitapika tu. Ya pili alichota maji kwa mkono wake mwenyewe, kisha akampigia binti yake.

"Mama, umeviona?" Gaju aliuliza.

"Havionekani kwa macho, mwanangu. Ila maji yao nimeyaonja. Chumvi tupu."

Akacheka hadi mabaharia wakageuka kumtazama.